Somo la Motokaa: Plagi na Manifoldi katika Land Rover ya Zamani

Wasomaji wanaokaa Kisaki na vijiji vya jirani hawana haja ya kuelezwa njia ya Morogoro. Ni mwendo wa yapata kilomita 150: kwanza nchi tambarare ya Dutumi na Mvuha, kisha yaanza miinuko na makona ya Matombo, ubavuni mwa milima ya Uluguru, mpaka Bigwa na mjini. Mwezi wa Septemba 1916, majeshi ya Waingereza yaliposhuka kutoka Morogoro kuwafuata Wajerumani hata Kisaki, motokaa zao zilikwama nyuma katika milima hii hii, na mizigo mingi ikaenda vichwani mwa wapagazi. Siku hizi njia ni bora kuliko ile, lakini masika ni masika, na watu wengi huona heri kungoja gari moshi la TAZARA. Mgonjwa mahututi hangojei gari moshi. Ndiyo sababu Land Rover za zamani bado zina heshima katika nchi hii, ingawa nyingine zina umri kuwapita madereva wake.

Motokaa za Land Rover zilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza Amsterdam, mwezi wa Aprili 1948. Injini ya petroli ya lita mbili na robo, yenye silinda nne, ilianza mwaka 1958, na ndiyo iliyotiwa katika magari mengi ya toleo la tatu, yaliyotengenezwa tangu mwaka 1971 hata 1985. Somo hili lahusu injini hiyo ya petroli. Mwenye gari la dizeli asitafute humu dawa yake, maana injini ya dizeli haina plagi za cheche.

Nitaanza kwa habari ya gari moja, kwa kuwa ndani yake mna somo lote. Mzee mmoja wa Kisaki alikuwa na Land Rover ya mwaka 1974. Kwa macho lilikuwa gari zuri, lakini likisimama tu, injini ilitetemeka, sauti ikapanda na kushuka kama pumzi ya mtu mwenye pumu, kisha ikazima. Mwendo huu wa injini gari likiwa limesimama madereva wetu huuita sailensa, nao husema gari “halikai sailensa.” Fundi mmoja akamwambia mzee kuwa plagi zimekufa. Mzee akanunua plagi nne. Siku tatu gari likapata nafuu, siku ya nne likarudia tabia yake. Akanunua nyingine nne, na kabla ya masika kwisha akanunua seti ya tatu.

Usiku mmoja alimchukua mtoto wa jirani mwenye homa kali ya malaria. Walipofika kwenye kivuko cha kijito, dereva aliondoa mguu kwenye eksileta ili aingie majini polepole, kama itakiwavyo. Hapo hapo injini ikazima, maji yakiwa yamefika katikati ya magurudumu, na haikuwaka tena. Baba alimbeba mtoto mgongoni mpaka ng’ambo, wakaenda kwa miguu katika giza hata walipopata pikipiki. Mtoto alipona, ashukuriwe Mungu, lakini mzee aliapa kulisukuma gari lile porini.

Siku chache baadaye nilifika nyumbani kwake.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umeniletea plagi?”

“Sikuleta plagi, Mzee, nimeleta maswali. Gari likipanda Matombo, lina nguvu?”

“Nguvu linazo, ila tangu juzi hukohoa kidogo. Ugonjwa wake mkubwa ni kusimama. Likitembea, hupona.”

“Na dereva hufanyaje lisizime?”

“Huvuta choki kidogo. Akiivuta, hutulia kabisa.”

“Na breki, Mzee?”

“Breki ni nzito, lakini hata mimi miguu yangu si ya ujana.”

Katika majibu haya ugonjwa ulikwisha kujitaja, wala spana ilikuwa haijaguswa. Ili msomaji auone, hana budi kwanza kujua jinsi injini inavyokula.

Injini ya petroli huhitaji hewa iliyochanganywa na petroli kwa kadiri yake, yaani yapata sehemu 15 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli kwa uzito. Mchanganyiko huo hubanwa na pistoni, kisha huwashwa na cheche. Kabureta ndiyo ipimayo kadiri hiyo. Kutoka kwenye kabureta mchanganyiko hupita katika bomba la chuma lenye matawi, ambalo mafundi huliita manifoldi, nayo huugawa kwa silinda zote. Kati ya manifoldi na kichwa cha injini pana gasketi ya kuziba. Katika injini hii manifoldi ya kuvuta imefungwa kwa nati juu ya manifoldi ya ekzosi, ili joto la moshi lisaidie petroli kugeuka mvuke. Ni shauri jema, lakini lina hasara yake: chuma hupata moto na kupoa kila siku, nati hulegea, gasketi huungua, na baada ya miaka mingi uso wa manifoldi waweza kupinda.

Gasketi ikitoboka, injini huvuta hewa ambayo haikupita katika kabureta, wala haikupimwa. Mchanganyiko huwa na hewa nyingi na petroli haba, nayo injini huona njaa. Tena, eksileta isipokanyagwa, mlango wa hewa ndani ya kabureta huwa karibu umefungwa, na pistoni huvuta kwa nguvu nyingi nyuma yake. Wakati huo hewa ipitayo penye tundu huwa nyingi ikilinganishwa na ile ndogo ipitayo mlangoni. Dereva akikanyaga, mlango hufunguka, mvuto ndani ya manifoldi hupungua, na hewa ya mlangoni huwa nyingi hata ile ya wizi haionekani tena. Kwa hiyo manifoldi inayovuja huliumiza gari likisimama au likienda taratibu, na gari hupata nafuu likifanya kazi.

Plagi mbovu ina desturi kinyume cha hiyo. Cheche hurukia nafasi ndogo kati ya ncha mbili za plagi. Injini ikiwa haina mzigo, hewa iliyobanwa ndani ya silinda ni kidogo, na hata cheche dhaifu huweza kuruka. Gari likipanda mlima na mizigo, silinda hujaa, hewa hubanwa sana, na cheche hupata shida kuvuka. Ikiwa kaure ya plagi imepasuka, au nafasi imekuwa kubwa, umeme hutafuta njia nyingine iliyo rahisi, na silinda ile hukosa moto. Hapo gari huruka na kukohoa, na madereva husema “linamisi.” (Plagi iliyoziba masizi kabisa, au iliyolowa petroli, hukataa mahali pote, lakini hiyo haihitaji maswali mengi.)

Basi swali la kwanza kumwuliza mwenye gari ni hili: laumwa likisimama, au laumwa likipanda? Watu wa Kisaki wana bahati, maana njia yao yenyewe ni kipimo: tambarare huonyesha ugonjwa mmoja, na miinuko ya Matombo huonyesha wa pili.

Choki nayo ni shahidi. Kazi yake ni kupunguza hewa na kuongeza petroli wakati injini ni baridi. Ikiwa injini imekwisha kupata moto na bado hutulia kwa choki, maana yake ilikuwa na njaa ya petroli, na sababu ni hewa ya wizi au kabureta yenye taka katika njia zake ndogo. Breki nzito ikanionyesha pa kutazama kwanza. Magari yaliyo na kisaidizi cha breki, yaani servo, hupata nguvu yake katika mvuto wa manifoldi hiyo hiyo, kwa mpira unaotoka kwenye injini. Mpira ukipasuka, sailensa huharibika na breki hupoteza msaada wake kwa pamoja. Gari lisilokaa sailensa laweza kuvumiliwa, lakini lisilosimama katika mteremko wa Matombo ni jeneza.

Tulizifungua plagi. Kwanza tulipuliza mchanga uliokaa kandokando ya kila moja, maana chembe ya mchanga ikianguka ndani ya silinda, itakwangua ukuta wake. Tukazipanga juu ya ubao kwa utaratibu wa silinda, ya 1 ikiwa ile iliyo karibu na rejeta. Jambo hili madereva wengi hawalifanyi: huzitia plagi zote katika kopo, wakaziosha, na ushahidi wote ukapotea. Plagi iliyotoka katika injini ni kama barua, nayo isipojulikana imetoka nyumba ipi, haina faida.

Plagi ya silinda yenye afya huwa na kaure ya rangi ya kahawia hafifu au kijivu. Nyeusi yenye masizi makavu huonyesha petroli nyingi kupita kiasi, choki iliyosahauliwa, kisafisha hewa kilichoziba vumbi, au cheche dhaifu. Nyeusi yenye mafuta ya kung’aa huonyesha kuwa oili yaingia katika silinda kwa sababu ya ringi au valvu zilizochakaa, na hapo plagi mpya hazitaponya kitu. Nyeupe kama chokaa, tena yenye malengelenge au ncha zilizoanza kuliwa, huonyesha joto la kupita kiasi: petroli haba, au cheche inayokuja mapema mno. Lakini niseme neno kwa wale wenye vitabu vya zamani. Petroli ya siku zile ilitiwa risasi, nayo iliacha rangi nzito juu ya kaure. Tangu mwaka 2006 petroli yenye risasi imekoma katika nchi zetu, na plagi ya injini nzima siku hizi huweza kuwa nyeupe kidogo kuliko picha za vitabu hivyo. Weupe peke yake usikutishe. La kutazama ni kama plagi zote nne zimefanana.

Za mzee hazikufanana. Ya 1 na ya 2 zilikuwa nyeupe, na ya 3 na ya 4 zilikuwa nyeusi kwa masizi. Kabureta ni moja, petroli ni moja, na choki ni moja. Kama kosa lingekuwa la kabureta, zote nne zingepata rangi moja. Tofauti kama hii hutoka baada ya kabureta, mahali ambapo njia zimekwisha kugawanyika, yaani katika manifoldi, upande wa mbele. Tena hapo tulijua kwa nini plagi mpya zilisaidia siku tatu tu. Dereva alivuta choki ili silinda 1 na 2 zishibe, na kwa kufanya hivyo akazivimbisha ya 3 na ya 4 kwa petroli hata plagi zao zikawa nyeusi. Fundi alipofungua aliona weusi, akasema plagi zimekufa, kumbe ziliuawa na choki, na choki ililetwa na tundu la manifoldi.

Kulitafuta tundu hakuhitaji chombo cha fedha. Chukua kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono mmoja, weka ncha moja sikioni, na nyingine uipitishe polepole kandokando ya manifoldi na chini ya kabureta, injini ikizunguka. Palipo na tundu utasikia mluzi. Asivae kanzu wala asiache ncha ya shuka ikining’inia yule afanyaye kazi hii, maana feni haina huruma. Kisha, ili kupata hakika, washa injini ikiwa baridi, na kwa brashi ndogo upake maji ya sabuni kwenye maungio. Yakifika penye tundu yatavutwa ndani, mluzi utakoma kidogo, na sauti ya injini itabadilika. Usiyamwage maji juu ya ekzosi iliyokwisha kupata moto, maana chuma cha kuyeyushwa kikipozwa ghafula hupasuka. Wako mafundi wanaonyunyiza petroli mahali pa maji ya sabuni. Ni kweli kwamba petroli hulionyesha tundu upesi, lakini ekzosi ya moto iko chini yake kwa upana wa kidole, na nimekwisha kuona boneti lililoungua kwa njia hiyo.

Tulipata mavujo mawili. Mpira wa servo ulikuwa umepasuka penye kona yake, upande wa chini usioonekana ila kwa kioo cha kunyolea. Na gasketi ya manifoldi ilikuwa imeungua mbele, penye nati iliyolegea hata ikageuzwa kwa vidole.

Kuhusu kufunga manifoldi nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kwangua gasketi ya zamani yote, pasibaki hata ukoko, lakini usikichimbe chuma. Weka rula ya chuma juu ya uso wa manifoldi na utazame mwanga chini yake. Ukiona mwanga mwingi katikati au pembeni, uso umepinda, na yafaa upelekwe kwa fundi wa mashine mjini akaunyoshe. Kwa kuwa manifoldi ni mbili zilizoungana, usikaze nati za kuziunganisha kabla ya kuzifunga kwenye kichwa cha injini. Ukizikaza kwanza, moja itakaa juu kidogo na nyingine chini, na hakuna gasketi itakayoziba kosa hilo. Ziunganishe kwa kulegea, zilaze zote mbili juu ya gasketi mpya, kaza nati za kichwa kidogo kidogo ukianzia katikati na kuelekea pande zote mbili, na mwisho kabisa ukaze zile za kuunganisha.

Gasketi ya karatasi ngumu iliyokatwa nyumbani na kupakwa oili yaweza kumfikisha mtu mjini ikiwekwa chini ya kabureta. Najua mwalimu mmoja aliyesafiri kwa jalada la daftari la mahudhurio. Lakini penye joto la ekzosi karatasi haikai hata saa moja.

Baada ya kazi hiyo, na mpira mpya wa servo, injini ilikaa sailensa bila choki, na kanyagio la breki likawa jepesi hata mzee akacheka. Tukazisafisha plagi za masizi kwa brashi na petroli, tukazirudisha, tukafunga safari ya Morogoro tukidhani kazi imekwisha. Dutumi na Mvuha tulipita vizuri. Tulipoanza kupanda Matombo, gari likaanza kumisi.

Nilikuwa nimesahau neno la mzee: “tangu juzi hukohoa kidogo.” Gari lilikuwa na magonjwa mawili, na ule mkubwa ulikuwa umeuficha ule mdogo.

Tulisimama penye kivuli ili tujue ni silinda ipi. Wengine huchomoa waya za plagi kwa mikono injini ikizunguka; umeme ule ni volti elfu nyingi, nao umewaangusha wengi. Njia ya salama ni kuzima injini, kuchomoa waya mmoja, kuutia katika plagi ya akiba iliyofungwa imara kwenye chuma cha injini, kisha kuwasha. Injini ikizidi kuwa mbaya, silinda ile ilikuwa ikifanya kazi. Isipobadilika, umempata mvivu. Kwa kuwa plagi hii hujificha gari lisipokuwa na mzigo, tulilazimika kumwambia dereva akanyage eksileta kwa ghafula kila mara. Ya 3 haikuleta tofauti yoyote. Basi tukabadilishana plagi ya 3 na ya 4, maana hicho ndicho kipimo cha kweli: ugonjwa ukihama pamoja na plagi, plagi ndiyo mbovu, ukibaki palepale, tazama waya, kofia ya distributa, au valvu. Ugonjwa ukahamia silinda ya 4. Tulipoitazama plagi ile juani tukaona ufa mwembamba kama unywele katika kaure yake. Spana ilikuwa imeshikwa upande wakati wa kufunga seti ya tatu. Ndivyo mzee alivyonunua ugonjwa wa pili kwa fedha yake mwenyewe, akitafuta dawa ya ule wa kwanza.

Plagi ya akiba ikatiwa. Nafasi ya ncha zake katika injini hii ni milimita 0.75 hadi 0.80, nayo hupimwa kwa vile vibati vyembamba ambavyo mafundi huviita fila. Pointi za ndani ya distributa huachwa milimita 0.35 hadi 0.40. Plagi ianze kuingizwa kwa vidole, na ikigoma itolewe ianzwe upya. Ikifika mwisho, ile mpya yenye washa yake hukazwa kwa spana robo hadi nusu ya mzunguko, spana ikiwa imesimama wima. Na wale wanaozichoma plagi katika jiko la mkaa ili kutoa masizi waache, maana kaure hupasuka kwa joto la ghafula kama kikombe.

Waya za plagi zinazovuja hazina shida kuzigundua kijijini. Fungua boneti usiku wa giza, washa injini, utaona cheche za buluu zikiruka juu ya waya mbovu. Ukiziona, badili waya zote nne, na utazame utaratibu wake, maana cheche katika injini hii hufuata 1, 3, 4, 2.

Tuliporudi Kisaki siku ya tatu, injini ikiwa imepoa usiku kucha, tulizirudia nati za manifoldi. Gasketi mpya ikipata moto hulala, na nati hubaki na nafasi. Mbili kati ya zile za mbele zilikubali kugeuka kidogo, kisha zikashika.